Orodha ya 104: je, waliofeli vipimo vya siri watajwe majina?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mtangazaji chipukizi wa michezo. Kila nikigusia wachezaji wa besiboli wa Marekani walionaswa na vipimo vya siri vya mwaka 2003, wasikilizaji wananiuliza swali lilelile: kwa nini majina yote 104 yasiwekwe hadharani, mambo yakaisha? Yamevuja machache, mengine yamefunikwa, na ligi nzima inanuka. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Mimi naona anayenufaika na siri hii ni mkosaji, na anayeumia ni yule aliyecheza kwa jasho lake. Pili: siku nikiletewa jina la mwanamichezo aliyefeli kipimo ambacho hakijatangazwa, nilisome hewani au nilikalie?

JIBU: Ndugu mtangazaji, nakupa jibu fupi kwanza kwa kuwa studio haina subira. Majina ya 2003 yasitolewe, si yote wala nusu. Na jina litakaloletwa mezani kwako usilisome mpaka ujue limefikia hatua gani. Ila nikiishia hapo nitakuwa sijakutendea haki, kwa sababu hoja yako ya wasafi kubebeshwa mzigo wa wengine ina uzito, na wengi wanaoipinga huipinga kivivu.

Tuanze na kilichotokea, maana vipindi vingi husimulia kana kwamba watu 104 walikamatwa, wakashtakiwa, kisha wakubwa wakawafichia siri. Haikuwa hivyo. Agosti 2002 wamiliki wa timu za ligi kuu ya besiboli, MLB, walikubaliana na chama cha wachezaji juu ya mkataba mpya wa kazi. Kwa miaka mingi wachezaji walikuwa wamekataa vipimo, na wamiliki nao, tuseme ukweli, hawakuwa na haraka ya kupima wakati mipira inaruka nje ya uwanja na viti vinajaa. Wakakubaliana hivi: msimu wa 2003 wachezaji wapimwe bila adhabu na bila jina kutajwa, ili ijulikane tatizo lina ukubwa gani. Watakaobainika wakizidi asilimia 5, basi kuanzia 2004 vije vipimo vyenye adhabu.

Novemba 2003 hesabu ikatangazwa. Kati ya vipimo 1,438, vilivyoonyesha dawa vilikuwa kati ya asilimia 5 na 7. Mstari ulivukwa, na vipimo vyenye adhabu vikaanza mwaka uliofuata. Kwa maneno mengine, zoezi lile lilifanya kazi yote liliyotumwa, bila jina hata moja kutamkwa.

Kuna kisa cha Machi 2003 ambacho wasikilizaji wako wangependa kukijua. Baadhi ya wachezaji wa Chicago White Sox walifikiria kugoma kutoa mkojo, na nia yao haikuwa kuficha kitu. Kwa utaratibu wa mwaka ule, aliyekataa kupimwa alihesabiwa kuwa amefeli, nao walitaka hesabu ipite asilimia 5 ili vipimo vya kweli vianze. Walishawishiwa wakaacha. Lakini ona: wachezaji waliochoshwa na wenzao wanaojidunga walikuwa tayari kuhesabiwa upande wa wachafu, kwa kuwa waliamini hakuna atakayejua ni akina nani. Siri ile uliyoiita kichaka cha wakosaji, wao walitaka kuitumia kama silaha.

Siri yenyewe ilijengwa kwa kutenganisha vitu viwili. Sampuli za mkojo zilibaki kwa maabara ya Quest, iliyozihifadhi Las Vegas. Orodha ya wachezaji na matokeo yao ilikuwa kwa kampuni ya Comprehensive Drug Testing, iliyokuwa Long Beach, California. Ukishika upande mmoja tu, huwezi kumwaga mkojo na jina mezani kwa pamoja. Makubaliano yalikuwa kwamba hesabu ikishakamilika, vyote viteketezwe.

Havikuteketezwa. Siku chache tu baada ya matokeo kutangazwa, waendesha mashtaka wa serikali waliokuwa wakiichunguza maabara ya BALCO, ile iliyowauzia wanamichezo dawa za kusisimua misuli, walileta amri ya mahakama ya kudai kumbukumbu. Kuanzia hapo, kuchoma karatasi kungekuwa kuharibu ushahidi. Chama cha wachezaji kimelaumiwa sana kwa kutoteketeza mapema, na lawama hiyo ni halali kiasi, ingawa dirisha lenyewe lilikuwa dogo mno.

Aprili 2004 maofisa wakaingia Long Beach na hati ya upekuzi iliyotaja wachezaji kumi tu, wale waliohusishwa na BALCO. Kwenye kompyuta walikuta faili lenye matokeo ya mamia ya wachezaji wa besiboli, pamoja na kumbukumbu za watu wengine wasiohusika na shauri lile. Wakanakili kila kitu. Kesi ikapanda ngazi hadi Agosti 2009, Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa ilipoamua kwamba maofisa walivuka mipaka ya hati yao. Septemba 2010 mahakama hiyohiyo ikatoa uamuzi uliorekebishwa bila kugeuza matokeo. Majaji walieleza jambo ambalo wachambuzi wa michezo hulisahau: kufichuka kwa majina kungewaumiza wachezaji, na pia kungekinyima chama chao uwezo wa kuwashawishi wakubali kupimwa kwa hiari siku za usoni.

Kwa hiyo namba 104 unayoisikia imetoka kwenye faili lililochukuliwa isivyo halali, nje ya hukumu yoyote ya michezo. Mchezaji hakuwa na kikao cha kujitetea, kwa kuwa hakukuwa na shtaka. Na mwaka 2009, uamuzi wa majaji ukiwa haujatoka, majina yalianza kudondoka moja moja kupitia watu wasiotajwa: Alex Rodriguez mwezi Februari, Sammy Sosa mwezi Juni, Manny Ramirez na David Ortiz mwishoni mwa Julai.

Kwa Rodriguez, uvujaji ulilenga shabaha. Siku chache baadaye alikiri kwenye televisheni kwamba alitumia dawa kati ya 2001 na 2003 akiwa na Texas Rangers, timu iliyompa mkataba wa dola milioni 252. Miaka michache baadaye akafungiwa msimu mzima wa 2014 kwa kashfa nyingine. Watu humshika Rodriguez kama ushahidi: "Unaona? Orodha ilikuwa ya kweli."

Sasa mtazame Ortiz. Alikana, akasema hajawahi hata kuelezwa ni dawa gani iliyoonekana. Agosti 2009 chama cha wachezaji kilisema hadharani kwamba majina kwenye orodha ya serikali yalikuwa mengi kuliko matokeo chanya, na kwamba baadhi ya matokeo yangeweza kutokana na virutubisho vilivyouzwa kihalali madukani. Hilo halikuwa la kuokotwa. Androstenedione, kirutubisho kinachogeuka testosteroni mwilini, ambacho chupa yake ilionekana kwenye kabati la mpigaji nyota wa besiboli Mark McGwire mwaka 1998, iliuzwa Marekani bila cheti cha daktari hadi 2004, na besiboli haikuwa imeipiga marufuku mwaka 2003.

Kisha Oktoba 2016 kamishna wa ligi, Rob Manfred, mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuwapamba watumiaji wa dawa, akasema kulikuwa na majina yasiyopungua kumi ambayo wanasayansi walikuwa na maswali ya haki juu yake: je, kweli yalikuwa matokeo chanya? Maswali hayo hayakujibiwa. Kwa nini? Kwa sababu hesabu ilikuwa tayari imepita asilimia 5, na hakuna aliyekuwa na haja ya kujua kama jina la tisini na tatu ni sahihi au la.

Ningekuomba ukae hapo kidogo, maana hapo ndipo msimamo wangu unaposimama. Kipimo cha kuhesabu hakihitaji kuwa sahihi kwa kila mtu mmoja mmoja. Kosa la watu kumi huku na kule halibadilishi asilimia. Kipimo cha kuadhibu kinahitaji usahihi kwa kila jina, na ndiyo maana kina hatua nyingi za kuchosha: sampuli mbili, barua, muda wa kujieleza, jopo, rufaa. Ukichukua matokeo ya aina ya kwanza ukayatangaza kana kwamba ni ya aina ya pili, umemhukumu mtu kwa karatasi ambayo waliomwandika hawakujali kama wamemwandika sawasawa.

Ortiz aliingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli Januari 2022 kwa asilimia 77.9 ya kura, mara yake ya kwanza kupigiwa. Katika kura ileile Sosa, aliyekuwa kwenye mwaka wake wa kumi na wa mwisho, hakufikisha hata robo. Sisemi Sosa alistahili. Wapigaji kura walikuwa na sababu zao nyingine. Ninachosema ni kwamba orodha ni moja, uvujaji ni wa aina moja, na kila mpiga kura aliichukua alipoitaka na kuiweka kando alipoitaka. Hilo ndilo hutokea ushahidi usipokuwa na mwenyewe wa kuulizwa.

Nirudi kwa wasafi wako. Unasema orodha yote ikitoka, waliobaki nje watasafishika. Natamani ingekuwa hivyo. Lakini kutokuwemo kwenye orodha ya 2003 hakukuwa cheti cha usafi. Vipimo vile vilikuwa vya mkojo na havikutafuta homoni ya ukuaji. THG, steroidi iliyotengenezwa mahususi ili isionekane, ilikuwa imeanza tu kujulikana na maabara mwaka huohuo. Barry Bonds, jina kubwa kuliko yote kwenye sakata la BALCO, hakuonekana kuwa na tatizo kwenye vipimo vya ligi mwaka 2003. Kwa mujibu wa hati za mahakama, sampuli yake ilipopimwa upya kwa ajili ya serikali ndipo THG ikaonekana. Sasa piga picha orodha imetangazwa mwaka 2004 kama unavyotaka. Aliyekunywa kirutubisho cha dukani angeitwa mwizi. Aliyekuwa na mkemia wa kulipwa angesimama mbele ya kamera na kusema, "Mimi simo." Wangesafishwa wenye pesa ya kununua dawa isiyoonekana, na mchezaji wa kweli wa jasho lake angebaki palepale, kundi moja na hao.

Jambo la ahadi nalo si dogo. Karani wa sensa akikuuliza maswali nyumbani kwako kisha akapeleka majibu kituo cha polisi, sensa ijayo atakuta mlango umefungwa. Katika michezo tunazihitaji mno takwimu za siri, kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2011, kwenye mashindano ya dunia ya riadha Daegu na michezo ya nchi za Kiarabu Doha, watafiti waliwauliza wanamichezo zaidi ya 2,000 kama walitumia dawa haramu katika mwaka uliopita. Mbinu ilikuwa ya kujibu kwa namna ambayo hata mtafiti hawezi kujua nani kajibu nini. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalikadiria asilimia 43.6 Daegu na 57.1 Doha. Vipimo rasmi vya maabara duniani hukamata asilimia 1 au 2. Unaweza kubishana na makadirio hayo, na wapo wanaobishana nayo, lakini pengo hilo lisingejulikana kabisa bila watu kuaminishwa kwamba hawatajulikana. Siku ahadi ya namna hiyo itakapovunjwa mara ya pili na ya tatu, tutabaki na ile asilimia 1 na kujidanganya kwamba michezo ni safi.

Baada ya kuyasema haya yote, sitaki uondoke ukidhani natetea siri kwa ujumla. Siri kwenye vipimo vya kuadhibu ni sumu, na mifano ni ya kutia kichefuchefu. Mwaka 2003, mwaka uleule, hati zilizotolewa na Wade Exum, aliyekuwa mkuu wa udhibiti wa dawa katika kamati ya Olimpiki ya Marekani, zilionyesha kwamba mkimbiaji Carl Lewis alipatikana na vichangamshi kwenye mchujo wa Olimpiki 1988, akasamehewa kimyakimya kwa maelezo kwamba hakukusudia. Miezi michache baada ya mchujo ule alipewa dhahabu ya mita 100 Seoul, Ben Johnson, aliyemaliza wa kwanza, alipotajwa mbele ya dunia nzima na kunyang'anywa. Yawezekana maelezo ya Lewis yalikuwa ya kweli. Lakini yalisikilizwa gizani, na kwa hiyo hayataaminika kamwe.

Kisha kuna Lamine Diack, aliyekuwa rais wa shirikisho la riadha duniani. Septemba 2020 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa rushwa iliyohusu kuficha na kuchelewesha kesi za wanariadha wa Urusi. Mkimbiaji wa marathoni Liliya Shobukhova alikuwa ametozwa takriban euro 450,000 ili jina lake lisitoke. Fikiria biashara hiyo: bidhaa iliyouzwa ilikuwa ukimya. Jina likiwa na siku yake ya kutoka, iliyowekwa na kanuni na isiyotegemea hisani ya mkubwa yeyote, hakuna cha kuuza.

Ndiyo maana kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizi, zinaweka mwisho. Mwanamichezo akishaarifiwa, mamlaka inaruhusiwa kumtaja; uamuzi wa mwisho wa kosa ukishatoka, inalazimika kumtaja ndani ya siku 20. Watoto hawamo katika ulazima huo. Mgogoro uko katikati, kati ya barua ya kwanza na hukumu, na hapo hata sisi wenye fani tunagombana. Kitengo cha uadilifu wa riadha, AIU, hutangaza mara mwanariadha anaposimamishwa kwa muda. Hoja yao inaeleweka: mkimbiaji maarufu akitoweka kwenye orodha ya mbio bila maelezo, uvumi utamtaja tu, na utawataja na wengine wanne wasiohusika.

Mimi nasimama pungufu kidogo ya hapo. Ningesubiri chupa B, yaani sampuli ya pili ya mkojo uleule, ifunguliwe, au mwanamichezo mwenyewe akubali isifunguliwe, na ningelazimisha jambo hilo liishe kwa siku chache badala ya wiki. Unajua chupa hizi zinavyofanya kazi: mwanamichezo anatoa mililita zisizopungua 90 mbele ya ofisa, anachagua boksi mwenyewe, anamimina sehemu kwenye chupa B na sehemu kwenye A, anafunga kwa mkono wake. Maabara inapata namba tu. A ikionyesha dawa, B inafunguliwa, na mwanamichezo ana haki ya kuwepo au kutuma mtu. Mara nyingi sana B inakubaliana na A. Lakini si mara zote.

Bernard Lagat alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa mita 1,500 duniani Agosti 2003 sampuli A yake ilipoonyesha EPO, dawa inayoongeza seli nyekundu za damu. Akajitoa kwenye mashindano ya dunia Paris, na habari zikatoka. Sampuli B ikaja safi. Mashindano yalishapita. Miaka 20 baadaye yakamkuta Peter Bol, mkimbiaji wa mita 800 wa Australia. Januari 2023 jina lake likatangazwa kwa EPO kwenye sampuli A. Februari sampuli B haikuthibitisha, akaondolewa kusimamishwa, na Agosti uchunguzi ukafungwa bila kosa. Kwa miezi saba kila habari iliyomtaja ilibeba neno EPO.

Na hata A na B zikikubaliana, si mwisho wa habari. Mkimbiaji Mwingereza Diane Modahl alifungiwa baada ya kipimo cha Lisbon mwaka 1994 kuonyesha testosteroni kupita kiasi, chupa zote mbili. Mwaka uliofuata adhabu ilifutwa: sampuli haikuwekwa mahali pa baridi, na mkojo ulioharibika unaweza kuzalisha matokeo ya aina hiyo. Usije nawe ukageuza hili kuwa wimbo wa wanamichezo kuonewa. Mkimbiaji wa Marekani Marion Jones alisafishwa na sampuli B mwaka 2006, wapenzi wake wakashangilia, na mwaka uliofuata akakiri mahakamani kwamba alitumia steroidi kabla ya Olimpiki ya Sydney. Chupa inajibu swali moja tu: kulikuwa na nini kwenye mkojo huu siku hii.

Sasa swali lako la pili, lililo karibu zaidi na kazi yako. Utaletewa jina. Atakayekuletea hatakwambia kwa nini analileta, na hilo ndilo la kwanza kujiuliza, kwa sababu matokeo ya siri huwa mikononi mwa watu wachache na kila mmoja ana lake. Desemba 13, 2007, siku ya kutolewa ripoti ya Mitchell kuhusu dawa kwenye besiboli, orodha ya uongo ilizagaa saa chache kabla, na chombo kimoja cha habari kikairusha ikiwa na jina la Albert Pujols. Ripoti ilipotoka hakuwamo. Chombo kikaomba radhi. Radhi husikika chini chini, jina lilikwishasikika.

Muulize mletaji karatasi yenyewe, usiridhike na simulizi. Ni kipimo cha aina gani, cha kuhesabu au cha kuadhibu? Kama ni cha utafiti uliofanyika kwa ahadi ya siri, hapo usihangaike zaidi, rudisha. Kama ni cha kuadhibu, ni A peke yake au B imeshafunguliwa? Dawa ni ipi? Uwepo wa dawa si lazima uwe kosa: mwaka 2016 wadukuzi waliojiita Fancy Bears walimwaga kumbukumbu za matibabu za akina Simone Biles na Serena Williams, na wengi wakazisoma kama vipimo vilivyofeliwa, kumbe vilikuwa vibali halali vya kutumia dawa za daktari. Biles akalazimika kueleza hali yake ya kiafya kwa dunia nzima, jambo ambalo halikuwa la mtu mwingine. Na ana umri gani? Kamila Valieva, mtelezaji wa barafuni wa Urusi, alikuwa na miaka 15 jina lake lilipovuja katikati ya Olimpiki ya Beijing, Februari 2022. Kesi yake iliisha Januari 2024 kwa kufungiwa miaka minne. Hata hivyo yale aliyopitishwa barafuni wiki ile, na kamera zikimfuata hadi machozini, hayakusaidia chochote kwenye kesi hiyo.

Kuna wakati karatasi itakuonyesha kitu kingine kabisa, na hapo ndipo ningetaka ukazane. Aprili 2024 iliripotiwa kwamba waogeleaji 23 wa China walipatikana na trimetazidine, dawa ya moyo iliyopigwa marufuku michezoni, mwanzoni mwa 2021, wakaruhusiwa kuendelea, na baadhi wakashinda medali Tokyo, bila umma kuambiwa lolote. Mamlaka ya China ilisema chakula kilichafuliwa jikoni hotelini, WADA ikakubali. Inawezekana kabisa waogeleaji wale hawakutenda kosa. Kashfa, kama ipo, haimo kwenye mkojo wao. Imo ofisini: nani aliamua, kwa siku ngapi, kwa ushahidi gani, na kwa nini uamuzi haukuchapishwa. Kipindi chako kinaweza kuuliza yote hayo kwa ukali wowote unaoutaka. Taja idadi ya sampuli, tarehe, maabara, jina la ofisa aliyetia saini. Huhitaji jina la mwogeleaji hata moja ili wakubwa wakose usingizi.

Kitu kimoja cha mwisho, kwa kuwa watangazaji wengi hawakijui. Usiri wa kesi unawafunga maofisa. Mwanamichezo haumfungi. Ana ruhusa ya kusimama na kusema nimeandikiwa barua, na akishazungumza hadharani, mamlaka nayo inapata ruhusa ya kumjibu. Kwa hiyo ukishajiridhisha kwamba jina ni la kweli, mpigie mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote, mweleze ulichonacho, na mpe muda wa kumwita wakili. Wengine watakata simu. Akikubali kuzungumza, omba barua ya sampuli A na majibu ya B, uyasome yote mawili kabla hujawasha maikrofoni.